TAHARIRI: NYUMBA YA PILI YENYE MSIBA





Mtu auawapo katika vijiji vyetu, kila mmoja anajua wajibu wake. Wanaume huchukua majembe na sururu kwenda kuchimba kaburi. Akina mama hubeba kuni, maji, unga na maharage. Katekista huongoza sala, mwenyekiti wa kitongoji huandika rambirambi, na usiku watu hulala nje karibu na moto ili wafiwa wasibaki peke yao. Hakuna anayehitaji kufundishwa mambo haya. Tumeyapokea kutoka kwa wazee wetu, nayo ni sifa yetu.

Lakini katika kijiji hicho hicho, pengine mwendo wa dakika tano tu kutoka penye msiba, ipo nyumba nyingine ambayo mlango wake umefungwa mchana kutwa. Jikoni hamtoki moshi. Ndani yumo mama ambaye mwanawe ndiye aliyeshika panga. Yumo baba aliyekuwa akisikilizwa barazani, na sasa haoni atapita njia gani kwenda kisimani. Wamo watoto ambao asubuhi hawatakwenda shule. Hakuna mtu anayebisha hodi katika nyumba hiyo, na anayebisha huenda amekuja na jiwe mkononi.

Katika toleo hili Tume ya Haki na Amani inapenda kusema juu ya nyumba hiyo ya pili. Tunajua kwamba jambo hili ni gumu, na kwamba wako watakaouliza: je, Kanisa limekosa watu wa kuwahurumia hata liwahurumie watu wa wauaji? Tunawaomba wasome hadi mwisho. Hatusemi kwamba damu ya aliyeuawa ni jambo dogo. Tunasema kwamba Mungu hakutupa mamlaka ya kuimwaga mara ya pili katika nyumba ambayo haikuua.

SAMAKI MMOJA AKIOZA

Iko methali tunayoipenda mno: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa shughuli ya samaki methali hii inafaa. Kwa watu imefanya madhara makubwa. Kijana akishiriki ujambazi, mara tunasikia kwamba ukoo ule ni ukoo wa majambazi. Mume akimuua mkewe, dada zake mume wanaambiwa wasitarajie kuolewa katika kijiji hiki. Methali nyingine huongezwa juu yake, kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kesi inakuwa imekwisha: mzazi amehukumiwa bila shahidi na bila kuulizwa swali hata moja.

Si sisi wa kwanza kuhukumu kwa methali. Watu wa Israeli nao walikuwa na methali yao, iliyosema juu ya baba waliokula zabibu mbichi na watoto walioumia meno kwa sababu hiyo. Nabii Ezekieli, katika sura ya kumi na nane, aliwafikishia neno la Mungu kwamba methali hiyo wasiitumie tena, kwa kuwa kila mtu atawajibika kwa dhambi yake mwenyewe, mwana kwa yake na baba kwa yake. Sheria ya Kumbukumbu la Torati, sura ya ishirini na nne, ilikuwa imekwisha kusema jambo hilo hilo kuhusu adhabu ya kifo. Nayo ilifuatwa: Mfalme Amazia, alipowaadhibu watumishi waliomuua baba yake, aliwaacha watoto wao bila kuwagusa, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa Sheria (2 Wafalme 14). Huyo alikuwa mfiwa, tena mfalme mwenye upanga, na hakuna ambaye angemzuia. Hata hivyo alijizuia.

Sheria za nchi yetu nazo zinasimama hapo. Kosa la jinai ni la aliyelitenda na wale walioshirikiana naye, si la jina la ukoo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza hata mshtakiwa mwenyewe kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Ikiwa mshtakiwa analindwa hivyo, itakuwaje kwa mama yake, ambaye hakushtakiwa kabisa?

HISTORIA YETU WENYEWE

Sisi tuishio katika nyanda hizi za juu, kutoka Kagerankanda na Makere hadi Kasulu na Kibondo, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano ya lawama inayovuka mipaka yake. Tumeishi na wakimbizi kwa miaka mingi: waliokuja kutoka Burundi mwaka 1972, waliokuja tena mwaka 1993 baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Wakongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, na Warundi waliokuja tena kuanzia mwaka 2015. Katika miaka hiyo ujambazi wa silaha ulitutesa sana. Mabasi ya njia ya Kasulu na Kibondo yalilazimika kusindikizwa na askari wenye bunduki. Watu waliporwa, wakajeruhiwa, na wengine wakauawa.

Uhalifu huo ulikuwa wa kweli, na waliofiwa bado wako kati yetu. Lakini mara nyingi hatukuuliza ni nani aliyeutenda. Tulisema tu, ni wakimbizi. Mwishoni mwa mwaka 1997 askari waliwakusanya wageni waliokuwa wakiishi vijijini katika mikoa ya magharibi na kuwapeleka makambini, kwa sababu za usalama. Miongoni mwao walikuwamo waliokuja tangu 1972 au kabla yake, waliokuwa wamelima pamoja nasi na kuoana nasi. Waume walitengwa na wake zao, na watoto na wazazi wao, kwa makosa ya watu ambao hawakuwafahamu.

Tunayakumbusha haya kwa sababu moyo unaosema kwamba Mrundi mmoja akiiba wote ni wezi ndio moyo ule ule unaosema kwamba mtoto mmoja akiua nyumba nzima ni ya wauaji. Siku hizi tunausikia pia katika ugomvi wa mashamba, wa mipaka ya msitu wa hifadhi, na wa wakulima na wafugaji. Akiumizwa mmoja wa upande huu, hatafutwi aliyeumiza, anatafutwa mtu yeyote wa upande ule. Mwenendo huo hauna mwisho, maana kila anayelipiziwa kisasi bila kosa anapata sababu mpya ya kulipiza.

HUZUNI ISIYO NA MATANGA

Hebu tuingie sasa katika nyumba ile iliyofungwa mlango. Tusiihukumu kwanza, tuitazame.

Usiku wa kwanza ni usiku wa hofu. Habari zimeenea, na kundi la vijana linasikika likija. Magazeti yetu yana jina la upole kwa kundi hilo: wananchi wenye hasira kali. Nyumba inachomwa, migomba inakatwa, mbuzi wanachinjwa na kuliwa. Yafaa ieleweke kwamba kuchoma nyumba ya mtu kwa makusudi ni kosa ambalo, chini ya Kanuni ya Adhabu, laweza kumpeleka mtu gerezani maisha. Hasira si kibali. Wala shamba la ndugu wa mtuhumiwa halifanywi kuwa mali ya kijiji kwa sababu mwenyewe amekimbia.

Baada ya hofu inakuja aibu. Mama akienda sokoni na mihogo yake, wanunuzi wanapita kana kwamba hawamwoni. Kanisani, benchi alilokalia linabaki na nafasi wazi kulia na kushoto. Mtoto wa darasa la tatu anaitwa kwa jina la kosa la kaka yake, na mwalimu anajifanya hakusikia. Mke wa mtuhumiwa hajui arudi kwao au akae, maana kwao wanamwambia aachane na watu wale, na ukweni wanamtazama kama aliyeleta mkosi.

Nyuma ya aibu iko huzuni yenyewe, na hiyo ndiyo isiyoonekana. Mzazi huyu naye amempoteza mtoto. Ikiwa kijana ameuawa na umati, mwili wake unaweza kuzikwa usiku, kwa haraka, na watu watatu au wanne, bila matanga. Ikiwa yuko mahabusu, kosa la kuua kwa kukusudia halina dhamana, na upelelezi na kesi vyaweza kuchukua miaka. Kutoka vijiji vya Kagerankanda kumfuata mtu katika gereza la Bangwe, mjini Kigoma, ni nauli ambayo mkulima anaipata kwa kuuza debe za maharage alizotaka kula. Akihukumiwa kifo, mambo yanazidi kuwa mazito. Hapa Tanzania hakuna aliyenyongwa tangu mwaka 1994, lakini adhabu hiyo bado imo katika sheria na bado inatolewa. Hivyo wako wazazi wanaoishi miaka mingi bila kujua kama wamwombee mtoto wao kama mtu aliye hai au kama marehemu.

Na katikati ya hayo yote, mzazi anajiuliza maswali usiku. Nilikosea wapi? Je, ni zile fimbo? Je, ni siku ile aliporudi na baiskeli ambayo sikumwuliza ameipata wapi? Mbona ndugu zake niliowalea kwa mikono hii hii hawakuwa hivi? Uchungu wa mwana, wasema wahenga, aujuaye ni mzazi. Lakini mzazi wa aliyeuawa anaruhusiwa kulia kwa sauti. Mzazi wa aliyeua anameza kilio chake, kwa sababu anajua kwamba akilia mbele za watu ataambiwa anamlilia muuaji.

MSIBA WA PANDE MBILI KATIKA NYUMBA MOJA

Uko msiba mmoja ambao lazima tuutaje peke yake. Ni pale mume anapomuua mkewe. Hapo watoto wanampoteza mama kwa mkono wa baba, na baba naye anachukuliwa na polisi siku hiyo hiyo. Wao ni wafiwa kuliko wote, na wakati huo huo ni damu ya mkosaji.

Mara nyingi watoto hawa hugeuka kuwa mpira kati ya koo mbili. Upande wa mama wanawapenda, lakini kila wakimtazama mvulana mkubwa wanaiona sura ya baba yake. Upande wa baba wanasema watoto ni wao kwa desturi, ila wanataka wafundishwe kusema kwamba mama ndiye aliyemkasirisha baba. Katika mabishano hayo hakuna anayemuuliza mtoto alichokiona usiku ule. Anaambiwa asahau, na kwa kuwa hawezi kusahau, ananyamaza. Kijana aliyenyamazishwa hivyo kwa miaka kumi yaweza kuwa siku moja tukakutana naye katika kesi nyingine.

Kwa ajili ya watoto hawa tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotaka maslahi ya mtoto yatangulie mambo mengine yote na kukataza asibaguliwe. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anao wajibu wa kusaidia kuamua mtoto akae wapi. Viongozi wa jumuiya wasisubiri koo mbili zichoke kugombana; wamwone afisa huyo mapema. Tena mtoto asilazimishwe kumchukia baba yake, wala asilazimishwe kumsamehe. Apewe mtu mzima mmoja anayemwamini, ambaye atamsikiliza bila kumharakisha.

KUPENDA SI KUFICHA

Hadi hapa tumesema na kijiji. Sasa tuseme na familia yenyewe, kwa upendo na kwa ukweli.

Ndugu zetu, huruma tunayoiomba kwa ajili yenu haiwezi kusimama juu ya uongo. Ziko familia ambazo hazikujua lolote, wala hazikuwa na njia ya kujua. Lakini ziko pia zilizokula nyama bila kuuliza ng'ombe ametoka wapi. Ziko zilizomrudisha binti mara tatu kwa mume anayempiga, na mara ya nne akarudishwa akiwa maiti. Katika mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, ambayo yaliwafanya watoto wengi kuhifadhiwa katika shule ya Kabanga hapa Kasulu, kuna nyakati ambapo waliotuhumiwa walikuwa ndugu wa damu wa aliyeuawa. Ukimya wa nyumbani umewahi kuua. Anayejua jambo na kulinyamazia hawezi kujificha nyuma ya neno la Ezekieli, kwa maana neno hilo linamwachia kila mtu sehemu yake, na ukimya huo ni sehemu yake.

Kwa hiyo mzazi asimfiche mtoto wake porini, asimpelekee chakula ili akimbie, asiwatishe mashahidi, wala asiuze shamba ili kununua kesi. Mara nyingi matapeli huja kwa familia hizi zikiwa zimechanganyikiwa na kuahidi kwamba kwa kiasi fulani cha fedha mtu atatoka. Jueni kwamba mshtakiwa wa mauaji asiye na uwezo hupewa wakili anayelipwa na Serikali, na kwamba ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kwa ajili ya maskini. Hakuna sababu ya kuwaacha wajukuu bila ardhi.

Yote hayo hayakatazi kumpenda. Kumpelekea mfungwa sabuni na nguo, kumwandikia barua, kumwombea na kumsihi aseme kweli, hayo si kushirikiana na uovu. Kristo aliwataja wafungwa miongoni mwa wale ambao kwa kuwatembelea tunamtembelea Yeye, wala hakusema kwanza tuulize wamefungwa kwa kosa gani.

Na wewe mzazi unayejiuliza maswali usiku, kumbuka kisa cha Garissa nchini Kenya. Tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye silaha walivamia chuo kikuu na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Serikali ya Kenya ilieleza kwamba mmoja wa washambuliaji alikuwa kijana msomi wa sheria, mtoto wa chifu kutoka Mandera, na kwamba baba yake alikuwa amekwisha kutoa taarifa kuwa mwanawe ametoweka. Baba huyo alifanya lililompasa, na bado hakuweza kuzuia. Malezi yana nguvu, ndiyo maana tunayahimiza kila mwaka katika semina za ndoa. Lakini mtoto akikua anakuwa na utashi wake mwenyewe. Kama ulikosa, ungama kosa lako kama lilivyo, wala usiubebe mwili mzima wa kosa la mwingine.

DAUDI MBELE YA LANGO

Katika Maandiko yuko baba aliyeyapitia haya yote. Absalomu, mwana wa Daudi, alimuua ndugu yake Amnoni, kisha akainua vita dhidi ya baba yake mwenyewe, na watu wengi wakaangamia. Absalomu alipouawa, Daudi alipanda chumbani juu ya lango, akalia na kulitaja jina la mwanawe tena na tena, akitamani afadhali angekufa yeye (2 Samweli 18 na 19). Biblia haikuficha kilio hicho wala haikukidharau. Mwasi yule alikuwa bado mtoto wake.

Lakini kisa hakiishii hapo. Yoabu alimwendea mfalme akamwambia kwa ukali kwamba kwa kilio chake anawaaibisha watu waliomwokoa, kana kwamba uhai wao si kitu. Maneno yale yalikuwa makali, tena yalitoka kwa mtu ambaye mwenyewe alikuwa amemchoma Absalomu. Hata hivyo yalikuwa na ukweli. Daudi akanyanyuka, akashuka, akaketi langoni mahali watu wote walipoweza kumwona.

Hapa iko njia yetu. Machozi ya mzazi yana mahali pake, na hakuna wa kumnyang'anya. Lakini yasimfanye asahau kwamba kuna watu wengine walioumizwa na mtoto huyo huyo. Asidai afarijiwe kwanza, asiwaambie wafiwa kwamba naye ni mfiwa kama wao. Siku ikifika, kwa kupitia wazee au paroko, ashuke kutoka chumbani kwake aende langoni, awatazame, na aseme neno moja la pole bila kujitetea. Iwapo wafiwa hawajawa tayari kumpokea, asubiri. Hawana deni la kumpokea kwa tarehe tuliyoipanga sisi.

WENGINE WALIVYOPITA NJIA HII

Majirani zetu wa Rwanda walilibeba jambo hili kwa kipimo ambacho hakuna kijiji kingeweza kukihimili. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, zaidi ya watu 100,000 walijaa magerezani, na kwa miaka mingi wake zao na mama zao walitembea na vikapu vya chakula kuwapelekea, huku wakipita mbele ya nyumba za wajane wa waliouawa. Mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi mwaka 2012, zilikuwa na mapungufu ambayo wengi wameyaeleza. Lakini zilifanya jambo moja lililo muhimu kwetu: zilitaka kila kosa litajwe pamoja na jina la aliyelitenda, hadharani, mbele ya majirani. Kosa likikosa mwenyewe, hubebeshwa ukoo mzima. Likipata mwenyewe, wengine wanaweza kuanza kupumua.

Mfano wa pili unatoka mbali, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Tarehe 2 Oktoba 2006 mtu mmoja aliingia katika shule ndogo ya Wakristo waitwao Waamish, akawapiga risasi wasichana kumi, na watano wakafa. Kisha alijiua. Siku hiyo hiyo baadhi ya Waamish walikwenda kwa jamaa za muuaji kuwapa pole. Siku ya kumzika, wengi wa waliosimama kaburini walikuwa Waamish, wakiwamo wazazi waliokuwa wametoka kuwazika binti zao. Michango iliyokusanywa iligawiwa pia mjane wa muuaji na watoto wake. Baadaye mama wa muuaji alikuwa akienda kila juma kumhudumia mmoja wa wasichana waliojeruhiwa vibaya kuliko wote, akimwosha na kumsomea vitabu.

Hatuleti kisa hicho ili kumlazimisha mfiwa yeyote wa Kasulu au Kibondo afanye vivyo hivyo kesho. Msamaha unaolazimishwa ni mzigo mwingine juu ya msiba. Tunakileta kwa sababu watu wale walikuwa wakulima kama sisi, wanaoishi kijijini na kujuana kwa majina, na kwa sababu hawakuona kwamba kuizuru nyumba ya pili ni kuisaliti ile ya kwanza.

YATUPASAYO

Kwa hiyo Tume inapendekeza mambo yafuatayo kwa kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo na kwa halmashauri za walei za vigango na parokia:

1. Nyumba ya aliyeuawa itangulie. Jumuiya ihakikishe kwamba wafiwa wamehudumiwa, wamelindwa, na hawakusahauliwa baada ya siku arobaini kupita. Asiyefanya hili asianze na la pili.

2. Usiku wa kwanza, viongozi wa jumuiya, wa dini zote, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, wafike kwenye nyumba ya mtuhumiwa kabla ya umati, na wawaite polisi. Watoto na wazee waondolewe mapema wakahifadhiwe.

3. Watu wawili au watatu wenye busara, wakiwamo akina mama wa WAWATA, wateuliwe kuizuru nyumba hiyo. Wasiende kuchunguza wala kuhubiri. Yatosha kusema: "Mama, Baba, poleni. Tumekuja kukaa nanyi." Wabebe unga, wakae, wasali, waondoke, kisha warudi juma lijalo.

4. Ikiwa mtuhumiwa amekufa, azikwe kama binadamu. Mambo ya ibada ataamua paroko kwa busara yake. Lakini kuchimba kaburi na kumsindikiza mzazi hakuhitaji kibali cha mtu, wala hakumsifu aliyelala humo kwa aliyoyatenda.

5. Walimu na makatekista wasiruhusu mtoto aitwe kwa kosa la ndugu yake. Afanyaye hivyo aonywe siku hiyo hiyo.

6. Parokia iwe na utaratibu wa kuzisaidia nauli familia zenye wafungwa, walau mara moja au mbili kwa mwaka, na kuzielekeza kwa watoa msaada wa kisheria ili zisinaswe na matapeli.

7. Pande mbili zikutanishwe tu pale ambapo wafiwa wenyewe wameridhia, na kamwe mkutano huo usitumiwe kuiondoa kesi mahakamani. Mapatano ya koo hayafuti kosa la kuua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

Je, katika kitongoji chetu iko nyumba ambayo hatujaingia tangu mtoto wao alipokamatwa? Ni nani kati yetu aliyewahi kuizuru, naye alipokewaje? Wafiwa wa tukio hilo wana hali gani leo, na ni lini tuliwatembelea mara ya mwisho? Ni methali gani tunazotumia kuwahukumu watu kwa makosa ya ndugu zao? Je, liko jambo ambalo jumuiya yetu inalijua na kulinyamazia, ambalo likiachwa litatuletea msiba mwingine?

Wapendwa, Adamu na Eva walikuwa wazazi wa Abeli, na walikuwa pia wazazi wa Kaini. Msiba wa kwanza wa binadamu uliwakuta wazazi wale wale pande zote mbili. Mungu aliisikia damu ya Abeli ikilia kutoka ardhini, akamuuliza Kaini hesabu yake na kumpa adhabu. Kisha akamtia Kaini alama ili mtu yeyote asimuue. Alidai haki kwa ajili ya aliyekufa, na akakizuia kisasi kisiendelee. Mambo hayo mawili aliyafanya pamoja, nasi tunaombwa kuyafanya pamoja katika vijiji vyetu.

Jumapili hii, tukitoka kanisani, baadhi yetu tutapita mbele ya mlango uliofungwa. Tuanze hapo kwa kubisha hodi.

Amani ya Bwana iwe nanyi.